Barua ya wazi kutoka Amu: Vita vya leo vina macho, na ya kwetu mmeyafumba

Kwa Waziri wa Ulinzi, Mkuu wa Majeshi, Waziri wa Usalama wa Ndani na Kamati ya Bunge ya Ulinzi

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum. Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Amu, ndiyo Lamu. Karakana yangu ni chumba kimoja cha mabati karibu na gati, na kwa miaka ishirini na kitu nimekula kwa mikono yenye grisi. Magwanda sijayavaa hata siku moja. Najua mtauliza fundi ana lipi la kuwaambia majenerali. Mna haki ya kuuliza, nami nitaanzia pale ninapopajua, mezani kwangu.

Maulidi moja kijana wa Langoni aliniletea droni yake ndogo, ile ya kupigia picha mashindano ya madau. Ilikuwa imetumbukia majini upande wa Shela, watoto wakaiopoa, akataka nimwambie kama itafufuka. Niliifungua kwa bisibisi ya saa. Ndani mlikuwa na mota nne, kila moja kama kizibo cha soda, betri moja, kamera, na bodi ya umeme iliyokwisha kuota chumvi. Basi. Nilimuuliza aliinunua kwa pesa ngapi, akanitajia, nikacheka, kwa maana mashine moja ya farasi 40 ingenunua kadhaa za aina ile. Kumbe kicheko kile kingenitokea puani. Usiku niliketi na simu nikatazama vidude vya ukoo huohuo vinafanya nini Ukraine, na usingizi ukapaa.

Kule droni ya dola 400 au 500 inamfuata askari mpaka mlangoni mwa handaki. Inatafuta mfuniko wa kifaru kilichogharimu mamilioni, inaingia, kifaru kinawaka. Wakubwa wakabuni mitambo ya kuvuruga mawimbi ili droni zipoteze njia. Haukupita muda, zikatokea droni zisizohitaji mawimbi kabisa. Zinaburura nyuma yao uzi wa faiba, mwembamba kama mshipi, kilomita 10 na zaidi, na picha inapita humo humo. Mvuvi yeyote wa hapa ataelewa mara moja, kwa sababu ni mshipi tu, ila samaki ndiye anayekwenda kumtafuta mtu. Na dawa ya kujikinga ni ipi? Nyavu! Barabara za karibu na mstari wa mbele zimefunikwa kwa nyavu juu na kando ili droni zinase, na wavuvi wa pwani ya Bretagne, Ufaransa, wamepeleka huko nyavu zao kuukuu. Niliposimulia hayo barazani, mzee mmoja alisema kama ni nyavu mbovu, Lamu tungeshinda vita vyote duniani.

Lakini kilichonigusa kama fundi ni mambo ya baharini. Septemba 2022 boti moja ndogo isiyo na mtu ilikutwa imekwama ufukweni karibu na Sevastopol, bandari ya manowari za Urusi huko Crimea. Picha zake niliziangalia kama daktari anavyotazama eksirei, na nyuma niliona kifaa cha kusukuma maji cha jetski. Jetski, ile ya kuchezea watalii! Boti za namna hiyo ziliendelea kuboreshwa, na Februari 2024 zikaizamisha meli ya makombora ya Urusi, Ivanovets. Wiki mbili baadaye zikazamisha meli ya kushushia wanajeshi, Tsezar Kunikov, na Machi mwaka huohuo ikafuata meli ya doria, Sergey Kotov. Aina iliyotumika, Magura V5, ina urefu wa mita 5 na nusu, fupi kuliko boti zinazobeba abiria wa Faza na Kizingitini kila asubuhi. Nchi isiyo na manowari kubwa hata moja ikaifanya Urusi iondoe sehemu kubwa ya meli zake Sevastopol na kuzisogeza mashariki, Novorossiysk.

Sisemi haya ili niwafundishe kazi. Mnayo maafisa waliosomea, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Ulinzi kipo. Nasema kwa sababu hesabu iliyobadilika duniani imebadilika hapa pia, na tangu zamani, ila sisi hatukuiita kwa jina hilo. Chenye thamani ndogo kinamaliza chenye thamani kubwa. Bahari ya Shamu, kuanzia mwisho wa 2023, manowari za Marekani zilikuwa zikitungua droni za Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, kwa makombora ambayo moja tu lafika dola milioni 2. Droni yenyewe ni ya maelfu. Hata ukiitungua, wewe ndiye uliyepata hasara.

Sasa tieni hesabu hiyo katika msitu wa Boni, hapa kwetu karibu na mpaka wa Somalia, wanakojificha al-Shabaab. Bomu linalofukiwa kwenye barabara ya mchanga kati ya Bodhei na Kiunga halina gharama ya kutisha. Ni jembe, giza, na mtu mwenye subira. Gari linalolikanyaga limenunuliwa kwa kodi ya wilaya nzima, na waliomo ni watoto wa watu. Mkanunua magari mazito zaidi, yenye tumbo la chuma. Vyema, yameokoa roho, na hilo sitalibeza. Lakini anayefukia naye aliongeza unga. Kwa chuma pekee mchezo huo hauishi, maana kila mnachoongeza ninyi ni ghali na anachoongeza yeye ni rahisi.

Operesheni ya Linda Boni ilipoanza Septemba 2015 tuliambiwa ni ya siku 90. Nilikuwa na mwanafunzi karakanani aliyeanza kazi mwezi huohuo, hajui hata kutoa plagi. Leo ana karakana yake na watoto wawili, na operesheni ingalipo. Imebadilishwa jina tu, ikawa Amani Boni.

Sitasema hamkufanya kitu. Tuliokuwa hapa Juni 2014, Mpeketoni ilipochomwa na watu zaidi ya 60 wakauawa, tunajua hali ilivyokuwa, na tunajua kwamba leo mtu anasafiri hadi Mombasa kwa barabara ya lami akiwa na matumaini ya kufika. Ninachosema ni kwamba vita hivi vimechukua muda mrefu kuliko ilivyopasa, na sababu moja mnayo mikononi mwenu.

Wazee husema vita havina macho. Walikuwa na maana yao, kwamba vita havichagui wa kumwua. Lakini vita vya siku hizi ni macho matupu. Ukraine anayemwona mwenzake kwanza ndiye anayelala salama. Droni nyingi za mstari wa mbele hazirushi chochote. Kazi yao ni kutazama tu, saa ishirini na nne. Mataifa yanatumia mabilioni kununua macho. Ninyi hapa Lamu mmepewa macho bure, na mwaka baada ya mwaka mmekuwa mkiyafumba kwa mikono yenu wenyewe.

Nitaeleza.

Shemeji yangu ni mvuvi wa jarife, ule wavu mkubwa. Miaka ile ya marufuku ya kuvua usiku alikuwa akijikokota kurudi jioni kabla ya saa kumi na mbili, kama kuku. Siku moja mashine ilimsumbua, akachelewa. Magharibi, mwanga haujaisha sawasawa, maji ya bamvua yamejaa hadi kwenye majani ya mikoko, akaona boti ya faiba isiyo na taa ikiingia kijito ambacho siku za kawaida hata ngalawa haipiti. Watu watano. Mapipa ya plastiki manne. Mashine mbili nyuma, na moja ilikuwa ikikohoa. Alizima yake, akajibanza kwenye mikoko, akapiga picha kwa simu.

Alinisimulia mimi kwanza, na akaniigizia ule mkohoo kwa mdomo. Waheshimiwa, mashine za visiwa hivi zote zimepita mikononi mwangu au mwa mafundi wengine wachache ninaowajua. Nazitambua kwa mlio kama mama anavyotambua kilio cha mwanawe. Nikimlaza mtu wa Siyu gatini amefungwa kitambaa machoni, atakwambia ni boti ya nani inayokuja. Mkohoo ule haukuwa wa mashine ya hapa. Nilimwambia, nenda kaseme.

Akaenda kusema. Ofisi aliyoendea sitaitaja, wala afisa aliyempokea, nao walishahamishwa. Swali la kwanza halikuwa ameona nini. Lilikuwa: wewe ulikuwa unafanya nini baharini saa hizo? La pili, nani mwingine alikuwa nawe. Simu ikachukuliwa kama kielelezo. Akalala ndani usiku mbili, jarife likaozea botini na samaki wake, na alipotoka alipewa onyo la kuvunja marufuku. Ile boti, kijito kile, mapipa manne, hakuna aliyeandika.

Siku hizi shemeji akiona kitu asichokielewa baharini, anageuza usukani na kuwasha redio kwa sauti.

Mnaweza kuhesabu wenyewe kuna mashemeji wangapi. Sensa ya 2019 ilikuta watu 143,920 katika kaunti nzima, na sehemu kubwa ya hao maisha yao ni maji au msitu. Marufuku ya usiku ilikusudiwa kumnyima adui maficho kati ya wavuvi. Nalielewa wazo hilo. Wakati wa kutekwa wazungu Kiwayu na Manda mwaka 2011, kila chombo kilitiliwa shaka, na haki ilikuwapo. Lakini bahari tupu haina shahidi. Mliwaondoa wavuvi mia tano wenye macho, akabaki yule mmoja mliyekuwa mkimtafuta, naye marufuku hakuisoma.

Msituni ni yaleyale. Waaweer, mnaowaita Waboni kwenye ripoti zenu, wanausoma mchanga kama sisi tunavyosoma mawimbi. Ni watu wa asali na mawindo tangu enzi, na hata baada ya uwindaji kupigwa marufuku nchini mwaka 1977 hawakuusahau msitu. Mzee wa Basuba akipita njiani atajua kama udongo umechimbwa jana au juzi, na kama aliyechimba alivaa viatu vya buti au ndara. Huyo ndiye aliyezuiwa kuingia msituni kwa usalama wake, na shule ya wajukuu wake ikafungwa mara kadhaa walimu walipokimbia. Kisha tunaleta mtambo kutoka ng'ambo wa kutafuta vyuma chini ya ardhi.

Hebu niwakumbushe kisa mnachokifahamu, nacho nadhani kingefaa kufundishwa hata chuoni kwenu. Mnamo 1812 hivi, Wamazrui wa Mombasa pamoja na watu wa Pate walikuja kuipiga Amu. Walikuwa jeshi kubwa, wakashuka Shela. Watu wa Amu wakatoka, vita vikawageukia wageni, wakakimbilia ufukweni kwenye vyombo vyao. Walikuta maji yamekupwa. Majahazi yamekaa mchangani kama nyumba. Waliuliwa palepale pwani, na kwa miaka mingi baadaye mifupa ilikuwa ikifukuka kwenye vilima vya mchanga upepo ukivuma. Yule aliyeishi hapa hakuhitaji kuambiwa saa ya maji.

Na kisa hicho kina mkia, ambao wanaokisimulia kwa majivuno huuacha. Tuliogopa Wamazrui wangerudi kulipiza, tukamwita Sayyid Said wa Omani aje atulinde. Alileta liwali na askari, na ngome ikamalizwa, ile iliyopo sokoni mpaka leo. Aliyeitwa kulinda akakaa. Naacha hapo.

Mtasema wavuvi wengine ndio wanaobeba mizigo ya wabaya. Ni kweli. Wapo waliobeba sukari ya magendo, na anayebeba sukari bila kuuliza atabeba na kingine bila kuuliza. Mimi mwenyewe nimewahi kutengeneza mashine ya mtu ambaye baadaye nilijuta kumgusa. Lakini ndiyo sababu hasa ya kuwa karibu na wale wengine mia tano, kwa kuwa wao wanamjua.

Mtasema tena kwamba raia akitoa habari anajiweka kwenye hatari. Hapa ndipo ninapowataka mnisikilize zaidi, kwa sababu hili si dogo. Widho Januari 2022, Juhudi na Salama Juni 2023, watu walichinjwa na kuchomewa nyumba usiku. Wanaoishi kule wanajua kuna anayewatazama na wao. Kwa hiyo sitaki mje hapa kesho na mkutano wa hadhara, bendera na tarumbeta, mkatangaza kwamba wavuvi sasa ni macho ya serikali. Mtatuua. Ninachotaka ni kitu kimyakimya kuliko hicho: namba moja inayopokelewa na mtu anayejua Kibajuni na Kiaweer, asiyeuliza jina, na ambaye swali lake la kwanza ni umeona nini. Mtu huyo akae. Hapa afisa akianza kujua tofauti ya Kiwayu na Kiunga, barua ya uhamisho imefika. Imani ya baharia haihamishwi pamoja na faili.

Na kabla ya kupiga marufuku kitu chochote, iwe kuvua usiku, kukata boriti au kupita mlango fulani wa bahari, kaeni kwanza na kamati za BMU, zile za wavuvi zinazosimamia fukwe, na wazee. Si kwa kutuomba ruhusa. Ni kwa kuuliza marufuku hiyo itamwondoa nani na itamwacha nani. Alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020 kambi ya Manda ilivamiwa, Wamarekani watatu wakauawa na ndege zikateketea. Moshi wake tuliuona. Kambi ile ilikuwa na mitambo ya kila aina. Uchunguzi wa Wamarekani wenyewe, uliotolewa 2022, ulilaumu mambo ya kawaida kabisa: ulinzi mlegevu na kuamini kwamba pale hapaguswi. Uzembe wa namna hiyo hautibiwi kwa mtambo mwingine.

Kuhusu bandari yetu mpya nina machache. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021 na sasa yako matatu, na tunaambiwa siku moja yatakuwa 32. Mei 2025 Port Sudan, mji ambao serikali ya kijeshi na mashirika ya misaada walikimbilia kwa kuuona salama, ulipigwa na droni siku kadhaa mfululizo, matangi ya mafuta yakawaka. Tafadhali mtu mmoja kati yenu atafute anayesimamia anga ya chini ya bandari ya Lamu, ile ya mita mia moja kwenda chini, na boti ndogo isiyo na nahodha itasimamishwa na nani ikitokea. Jibu msituambie sisi. Hakikisheni tu kwamba lipo.

Wakati huohuo, kijana wangu wa Langoni amekata tamaa na leseni. Kanuni za droni zimekuwepo tangu 2020, ila ukizifuata kwa mtu wa kisiwani, karatasi ni nzito kuliko kidude chenyewe. Vijana wanaojua kurusha, kutengeneza na kutambua droni kwa mlio ni hazina. Ukraine walianza na hao hao, wapiga picha za harusi na wapenda michezo ya kompyuta. Sisi tunawafukuza uwanjani, halafu tutawatafuta kwa tochi.

Kwenu wabunge nina moja tu. Kifungu cha 241 cha Katiba kinasema jeshi likitumwa kurejesha amani ndani ya nchi, ni kwa idhini ya Bunge la Taifa. Kuidhinisha ni kujua. Siku 90 zimekuwa zaidi ya miaka kumi. Tupeni basi hesabu ya wazi kila mwaka, isiyo na siri za kambi: shule ngapi za Boni zimefunguliwa, raia na askari wangapi wamekufa kwa mabomu ya barabarani, wavuvi wangapi wamekamatwa na wangapi walikutwa na hatia. Tukiwa na namba hizo tutajua kama tunakwenda mbele au tunazunguka nanga.

Sina la ziada, isipokuwa ombi la kibinafsi, mkiniwia radhi. Simu ya shemeji yangu haijarudi. Ni ya kawaida, kioo kimepasuka pembeni, gamba lake la buluu. Tumeulizia mara nne, tukaambiwa kila mara kwamba ni kielelezo. Ndani yake ile picha ipo, ya boti, kijito na watu watano, na tarehe na saa yake. Tangu ichukuliwe, hakuna aliyemuuliza namba ya siri ya kuifungua.

Wenu mtiifu,
Fundi wa mashine, Amu